Kufunga na Kufungua: Somo juu ya Rehema na Sheria

(Masomo ya kusomwa kwanza: Mathayo 18 yote, Mathayo 9:9–13 na 12:1–8 pamoja na Hosea 6:6, 2 Wakorintho 2:5–11.)



Walimu na wazee wa kanisa hukutana na jambo moja mara kwa mara, nalo latusumbua sisi sote tuliopewa kazi ya kulitunza kundi. Ndugu amekosa waziwazi. Ameonywa, amekataa, ametengwa na Meza ya Bwana. Baada ya miezi au miaka yuaja mlangoni pa mwalimu, ataka kurudi. Hapo mzee mmoja husema, "Tukimpokea upesi hivi, vijana watadhani dhambi ni kitu chepesi." Mwingine husema, "Tusipompokea, tutamjibu nini Bwana siku ile?" Wote wawili ni watu wamchao Mungu, tena kila mmoja ana neno la kweli kinywani mwake. Basi katika somo hili twataka kuuliza: sheria na rehema zikutanapo juu ya mtu mmoja, ipi iliyo kubwa?

Mara nyingi baraza likiwa na shauri la namna hii hufunguliwa Mathayo 18, husomwa tangu aya ya 15 mpaka ya 17, kisha kitabu hufungwa. Twazijua hatua zile: kumwendea ndugu peke yako, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, kisha kulipasha kanisa habari, na asipolisikia kanisa, ahesabiwe kuwa kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Ni maneno ya Bwana, wala hakuna awezaye kuyafuta. Lakini sura haikuanza hapo, wala haikuishia hapo. Kabla ya maneno hayo yumo mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa mlimani, akamfuata mmoja aliyepotea. Baada yake yumo Petro, auliza kiasi cha kusamehe, akidhani mara saba ni nyingi. Naye Bwana ampa hesabu ambayo hakuna mwenye kuikumbuka hata mwisho wake, kisha amsimulia habari za mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka nje akamkaba koo mwenziwe kwa ajili ya dinari mia. Walimu wapendao hesabu na wawaonyeshe wanafunzi wao ubaoni: talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku moja. Basi deni la kwanza lilikuwa mara 600,000 kuliko la pili. Sheria ya kumwonya ndugu imewekwa katikati ya rehema hizo mbili, kama mtoto aliyeshikwa mikono na baba yake na mama yake. Aisomaye peke yake amemfanya yatima.

Tena na tufikiri ni nani aliyeyaandika maneno haya. Kama kanisa lilivyopokea tangu zamani, ni Mathayo, naye alikuwa mtoza ushuru. Alipoandika kwamba asiyetubu ahesabiwe kama mtoza ushuru, je, alisahau jinsi Bwana alivyowahesabu watoza ushuru? Alimwona ameketi mahali pa kutoza ushuru, akamwita, akaingia nyumbani mwake, akala pamoja naye na wenziwe. Hapo Mafarisayo walinung'unika, naye Bwana akawatuma waende wakajifunze neno la nabii Hosea, ya kuwa Mungu apendezwa na rehema kuliko sadaka. Neno hilohilo alilirudia katika sura ya 12, wanafunzi waliposhitakiwa kwa kuvunja masuke siku ya sabato, naye akawakumbusha Daudi, jinsi alivyokula mikate iliyowekwa mbele za Mungu alipokuwa na njaa, mikate ambayo makuhani peke yao walikuwa na ruhusa ya kuila.

Neno hili lataka kusomwa polepole. Sadaka haikuwa mapokeo ya wazee. Iliamriwa na Mungu mwenyewe, na sabato vilevile. Kama Hosea angalisema kwamba rehema yapita desturi za wanadamu, kila mtu angaliitikia bila shida. Lakini asema yapita hata ibada aliyoiagiza Mungu. Wala si kwa kuwa Mungu amegeuka nia, ila kwa kuwa rehema ndiyo iliyokuwa moyoni mwake alipoitoa ile sheria. Katika Mathayo 23:23 Bwana hawakemei waandishi kwa kutoa zaka ya mnanaa na bizari. Awakemea kwa kuyaacha mambo yaliyo mazito katika torati, na rehema imo kati ya hayo. Rehema basi si adui aliyekuja toka nje kuipiga vita sheria. Ni sehemu ya sheria yenyewe, iliyo nzito kuliko nyingine.

Na kwa hiyo rehema si kufumba macho. Amwambiaye mwenye jeraha, "Huna jeraha," hakumhurumia, amemnyima dawa. Asiyetubu sharti asikie sheria, na kumtenga kwaweza kuwa tendo la upendo lililo gumu kuliko yote. Juu ya hayo hatuna shindano na mzee yule wa kwanza. Swali letu ni juu ya arudiye.

Jambo hili si geni kwa kanisa, tena si geni kwa Afrika. Karibu na mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma alitoa amri kwamba watu wa dola yake waitolee miungu sadaka. Aliyetii alipewa cheti mbele ya watu waliowekwa kwa kazi hiyo. Vyeti vya namna hiyo zaidi ya arobaini vimeonekana katika nchi ya Misri, vimeandikwa juu ya mafunjo: jina la mtu, na ushuhuda ya kuwa amechinja, amemimina kinywaji, ameonja nyama ya sadaka. Waliokataa walifungwa, wengine waliteswa, wengine walikufa. Mjini Karthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia, askofu alikuwa Cyprian, aliyekuwa zamani mwalimu wa ufasaha wa maneno. Kanisa lilikuwa limekaa raha mustarehe kwa miaka mingi, na amri ilipofika, Wakristo wengi hawakungoja hata kukamatwa. Walikwenda wenyewe wakatoa sadaka. Wengine walitia ubani tu motoni. Wengine hawakugusa sadaka wala ubani, bali walinunua cheti kwa fedha, wakidhani wamejiokoa pande zote mbili, kwa Kaisari na kwa Kristo. (Ukoo wa hao wa mwisho haujakatika hata leo.)

Mateso yalipopoa watu wale walirudi wakilia. Kanisa likagawanyika juu yao. Baadhi ya wale waliofungwa kwa ajili ya imani, ambao heshima yao ilikuwa kubwa, walitoa barua kwamba fulani na watu wake wapokewe. Na makasisi wengine wakawapokea papo hapo, bila toba, bila kumngoja askofu. Kule Roma kasisi mmoja, jina lake Novatian, mtu hodari wa elimu, alishika upande wa pili kabisa: waliokana imani wasipokewe tena na kanisa kamwe, hata wakilia mpaka siku ya kufa. Hakusema Mungu hawezi kuwasamehe. Alisema kanisa halina ruhusa ya kuwatamkia msamaha.

Cyprian alisimama kati ya pande hizo mbili, na kwanza alionekana mkali. Katika mwaka 251 aliandika kitabu juu ya walioanguka, akiwakemea wale waliotaka kulirukia jeraha bila kulisafisha. Lakini hakukata shauri peke yake. Mwaka uleule maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, wakaamua kwamba kila mtu atazamwe kwa habari zake mwenyewe: walionunua vyeti wakatubu wapokewe, waliotoa sadaka wakae katika toba, nao wapewe amani wakikaribia kufa. Barua iko ambayo Cyprian alimwandikia askofu mmoja, Antonianus, aliyekuwa na mashaka juu ya uamuzi huo. Amweleza kwamba si haki kuwahesabu wote sawasawa. Yuko aliyekimbilia dhambi kwa hiari yake, na yuko aliyeshindana kwa muda mrefu kisha akashindwa. Yuko aliyewavuta mkewe na watoto na nyumba yote waanguke pamoja naye, na yuko aliyekwenda peke yake apate kuwafunika wote. Sheria yauliza neno moja tu: alitoa sadaka, au hakutoa? Rehema yauliza pia, alikwendaje huko, na sasa yu wapi?

Baada ya muda mfupi habari za mateso mapya zilienea. Maaskofu walikutana tena, wakaupita uamuzi wao wa kwanza: wote ambao tangu siku ya kuanguka hawakuacha kutubu na kulia mlangoni pa kanisa wapewe amani sasa hivi, hata wale waliotoa sadaka. Sababu yao yapasa kukumbukwa na kila baraza la wazee. Walisema, tutawaitaje watu hawa waimwage damu yao kwa ajili ya Kristo, nasi twawanyima damu ya Kristo katika kikombe? Askari hapelekwi vitani mikono mitupu. Wengi wetu tumezoea kukifanya Chakula cha Bwana kuwa tuzo ya aliyekwisha kushinda. Maaskofu wale wa Afrika waliona ya kuwa ni chakula cha atakayepigana. Na asiwepo wa kusema kwamba Cyprian aliyalegeza mambo kwa kuogopa: mtu huyu alikatwa kichwa kwa ajili ya Kristo, tarehe 14 Septemba mwaka 258.

Watu wa Novatian walijitenga, wakajiita Walio Safi, wakadumu kwa karne kadhaa. Mwandishi wa kale Sokrates asimulia kwamba kwenye mkutano wa Nikea, mwaka 325, Kaisari Konstantino alimwuliza Acesius, askofu wao, kwa nini hawataki ushirika na kanisa. Acesius akamweleza ukali wao juu ya walioanguka. Kaisari akamjibu, basi chukua ngazi, Acesius, upande mbinguni peke yako. Na baba zetu katika imani, walipoyaweka Maungamo ya Augsburg mbele ya Kaisari wa Ujerumani mwaka 1530, walimtaja Novatian kwa jina. Kifungu cha 12 chafundisha kwamba walioanguka baada ya ubatizo waweza kupata ondoleo la dhambi wakati wo wote wanaporudi, na kwamba yapasa kanisa kuwapa ondoleo hilo. Na wale wasiotaka kuwapa wahukumiwa hapo. Kwa Mlutheri basi kumpokea atubuye si hisani ya mchungaji mwenye moyo mwema. Ni ungamo la imani.

Kwetu hakuna afundishaye maneno ya Novatian. Lakini yawezekana kuyatenda bila kuyafundisha. Fungueni kitabu cha usharika. Tarehe ya kutengwa imeandikwa vizuri, kwa wino. Iko wapi tarehe ambayo mzee alimwendea mtu huyo tena? Mchungaji wa mfano hakungoja kondoo alie mlangoni; alimfuata. Sisi mara nyingi tumeweka sheria yenye miguu ya kutoka na rehema isiyo na miguu. Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya yule aliyeadhibiwa na wengi, hakuwaambia wangoje hata aombe kwa barua. Aliwaambia adhabu ile yatosha. Wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi. Na aongeza kwamba Shetani asipate kutushinda kwa hila. Twajua hila ya Shetani katika kulegea. Paulo yuatuonyesha kwamba anayo nyingine, katika ukali usiojua pa kukoma.

Tena tuzitazame mizani zetu. Msichana aliyezaa bila ndoa, dhambi yake yaonekana na kila mtu, naye hutengwa kabla mtoto hajatambaa. Na aliyempa mimba? Huenda yumo kwaya. Sheria ishikayo wale tu ambao miili yao yawashitaki si kali, ni pofu. Na mahali pengine arudiye hutozwa fedha au mfugo kabla ya kusikilizwa. Luther aliandika wazi katika Makala za Schmalkalden, mwaka 1537: kutengwa kwa Kikristo maana yake ni mkosaji wa wazi asiyetubu asikaribishwe kwenye sakramenti mpaka ajirekebishe, na wahubiri wasiichanganye adhabu hii ya kiroho na adhabu za serikali. Faini ni kazi ya mahakama. Kanisa likiitoza, maskini ataona kwamba mlango wa toba una bei, naye tajiri ataona vilevile, na hilo la pili ni baya kuliko la kwanza.

Liko jambo jingine, juu ya watoto. Katika sharika nyingine mtoto hunyimwa ubatizo mpaka mama yake, au wazazi wake wote wawili, wamalize shauri lao na kanisa. Yafaa tumsikie Cyprian tena. Askofu Fidus alimwandikia kwamba mtoto asibatizwe kabla ya siku ya nane, kwa kufuata sheria ya tohara. Maaskofu sitini na sita walijibu kwa kauli moja kwamba rehema na neema ya Mungu isizuiliwe kwa ye yote aliyezaliwa na mwanadamu. Ni kweli kwamba Fidus aliuliza habari za siku, si habari za wazazi. Lakini waliongeza neno ambalo twaona lajibu na shauri letu: kama watu wazima waliofanya dhambi nzito hawazuiliwi ubatizo wanapoamini, atazuiliwaje mtoto mchanga, ambaye dhambi anazosamehewa si zake mwenyewe? Usharika na utafute msimamizi mwaminifu wa kumlea mtoto huyo katika imani. Hiyo ndiyo kazi yetu, wala si kumfanya mtoto kuwa kamba ya kumvutia mama yake.

Katika barua hiyohiyo mna habari nyingine, itakayowafaa wale waogopao kwamba rehema itafanya haraka na kukosea. Askofu aitwaye Therapius alimpa amani kasisi mmoja aliyeanguka, jina lake Victor, kabla toba yake haijatimia, wala hakukuwa na ugonjwa wala hatari iliyomharakisha. Maaskofu hawakupendezwa. Walimkemea Therapius, wakamwagiza asifanye hivyo tena. Lakini Victor hawakumnyang'anya amani aliyokwisha kupewa. Kosa la utaratibu lilirudishwa kwa yule aliyekosa utaratibu, na neno la msamaha likaachwa lisimame. Mabaraza yetu mara nyingine hutenda kinyume: mwalimu akimpokea mtu mapema, hutengwa tena yule aliyepokewa, kana kwamba neno la Kristo la msamaha ni mkopo udaiwao.

Twasema la mwisho juu ya kifo, kwa sababu hapo hakuna kesho ya kurekebisha. Ndugu aliyetengwa amelala mgonjwa. Siku zapita. Anakufa, na msiba waanza na mabishano: azikwe na kanisa au asizikwe? Wazee wakaa ndani wakijadili, ndugu zake wangoja uani, na jeneza li katikati. Twaona kwamba shauri lile lilipaswa kufanywa wiki tatu kabla, kando ya kitanda. Mkutano wa Nikea, katika kanuni yake ya 13, uliita sheria ya kale hii, kwamba mtu aliye karibu kufa asinyimwe posho ya safari ile, naye aombaye Meza ya Bwana apewe baada ya kuangaliwa na askofu.

Wengine watasema: mchungaji yuko mbali, mtaa wetu humwona mara chache, naye mwalimu hana ruhusa. Utaratibu ni mwema, nasi twaufuata siku za afya. Lakini hata Cyprian, katika siku zile alipokuwa amejificha na bado akikataa kuwapokea walioanguka kwa haraka, aliwaandikia makasisi wake kwamba wale wenye barua za mashahidi wa imani, wakishikwa na ugonjwa wa hatari, wasingoje yeye arudi. Waungame mbele ya kasisi ye yote aliye karibu. Na kasisi asipopatikana, na kifo kimekazana, hata mbele ya shemasi. Na katika kitabu juu ya mamlaka ya Papa, kilichowekwa miongoni mwa maandiko ya imani yetu, Melanchthon aliandika mwaka 1537 kwamba wakati wa lazima hata Mkristo asiye na cheo aweza kumwondolea mwenzake dhambi. Mfano wake aliutwaa kwa Augustino, Mwafrika mwingine. Watu wawili walikuwa chomboni, mmoja amebatizwa na mwingine bado. Yule wa kwanza akambatiza mwenziwe; naye, maji hayajakauka kichwani, akamtamkia ndugu yake ondoleo la dhambi.